Nasteha na Jibu Lake Moja

Jumatatu, 10 Februari 2025

Dhuluma! Mwalimu Mureithi, anayetufundisha ukuaji wa mtoto hapa chuoni Garissa, anataka kila mmoja alete mtoto Alhamisi. Tutamimina maziwa kutoka kikombe kipana hadi glasi ndefu, kisha tumuulize mtoto kama yameongezeka. Anadai mtoto wa miaka minne atasema ndiyo. Mtoto wa kwetu? Aliyejua maziwa ya ngamia kabla ya kuota meno? Mwanafunzi bora atafanyia mazoezi ya kufundisha hapa mjini. Wengine watapelekwa Hadado, kijiji cha mbali jangwani. Kanana, mwanafunzi mwenzangu, ameanza kutabasamu. Atanijua!

Jumanne, 11 Februari

Nimemchukua Nasteha, binti wa dada yangu Ruqiya. Nimemfunza neno moja: sawasawa. Akilisema, anapata tende. Mureithi amekataza kumpa mtoto majibu, eti tunachunguza anavyofikiri. Kwani nimemzuia kufikiri?

Alhamisi, 13 Februari

Aibu! Mtoto aliyeletwa na Kanana, kabla ya maziwa, alicheza na vifuniko vya chupa, Kanana akimtazama kimya. Akasifiwa. Kwa kunyamaza!

Zamu yetu. Maziwa yakamiminwa. "Sawasawa," akasema Nasteha. Darasa zima likaduwaa. Nikasimama kupokea pongezi. Hapo Mureithi, mtu asiye na haya, akanywa nusu ya glasi, akauliza: na sasa?

"Sawasawa."

Mureithi akauliza tena: nani mkubwa, mjomba wako au ngamia?

"Sawasawa."

Walicheka mpaka Kanana akashika meza. Nasteha akanigeukia mimi mjomba wake, kiganja wazi: "Abti, tende zangu?"

Ijumaa, 14 Februari

Ruqiya amekuja juu. Alimuuliza mtoto kama ni mgonjwa au mzima, akajibiwa sawasawa. Sasa ndugu mzima natukanwa mbele ya majirani! Baadaye Nasteha akaja, macho yamejaa machozi, akauliza kama alikosea. Roho iliniuma, wallahi. Nikamwambia ukweli: aliyekosea ni Mureithi.

Jumamosi, 15 Februari

Mureithi amenipa nafasi ya mwisho. Jumatatu nikae kando, nimtazame mtoto akicheza apendavyo, nisiseme neno. Nikiharibu, Hadado moja kwa moja.

Kazi rahisi! Tangu asubuhi namfundisha Nasteha kucheza kama mtoto ambaye hajafundishwa.

Bado anakosea.