Vita vya Shangazi Lamun na Usukani Uliopenda Kushoto

Njooni, enyi wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, enyi mnaopepeta na mnaopika! Zimeni redio, lazeni simu zenu kifudifudi, sogeeni mkae, maana leo kinywa changu kimebeba jambo zito. Mimi Prayat ndiye yule niliyetangaza mbio za ng'ombe katika mkoa wetu wa Phetchaburi kwa miaka thelathini, sauti yangu ikapasua vipaza sauti viwili na kukichosha cha tatu. Nimewasifu mafahali walioshinda kwa ncha ya pua, nimewaliza wanaume wazima kwa kulitaja tu jina la fahali aliyeshindwa. Lakini nawaapia kwa goti langu hili bovu, sijapata kusimulia ushindi mfano wa ule alioupata jirani yangu, Shangazi Lamun, siku alipoidai kampuni ya magari imtengenezee usukani bure, ikakubali. Nami nilikuwepo. Nilikaa kiti cha nyuma, trei ya vitamutamu mapajani.

Mjueni kwanza shujaa mwenyewe. Lamun, binti wa mgema wa mivumo, ile mitende mirefu ya kwetu, mwenye miaka sitini na saba, mpiga mayai asiyechoka, mama wa trei arobaini kwa siku, mwokaji wa vile vitamutamu vya mayai na tui ambavyo wasafiri wa kusini husimamisha mabasi ili wavipate! Kipando chake kilikuwa kigari cha milango minne, cheupe pe, kilichobandikwa nyuma stika isemayo "Gari hili ni la rangi ya waridi", kwa kuwa kwetu kila siku ya juma ina rangi yake ya bahati, na weupe haukuafikiana na siku aliyozaliwa, na kubandika stika ni kazi ya dakika moja. Kwa kigari hicho alipeleka vitamutamu sokoni, alikwenda hekaluni siku za mwezi mpevu, alimtembelea dada yake kule Cha-am akarudi saa atakayo. Hakumwomba mtu lifti wala ruhusa, na hilo ndilo alilolipenda kuliko yote.

Kisha usukani ukaasi. Ole wetu! Mwendo ulipofika arobaini ulivuta kushoto, kuelekea mtaroni, kama mbuzi aliyeona majani. Na ukitaka kuukata kulia unakaza, unanuna, unagoma, mpaka uutie mabega yote mawili na dua juu yake. Katika mwezi mmoja kigari kilikwangua nguzo ya lango, kikaulaza chini mtungi wa maua wa mwalimu mstaafu, kikaingiza gurudumu moja ndani ya banda la tambi, ambamo wateja waliinua bakuli zao juu, wakangoja vumbi litue, wakaendelea kula.

Hapo akainuka Wirot, mwanawe wa pekee, afisa wa halmashauri, mtoto mwema lakini mwenye mdomo wa ofisini.

"Mama, gari halina kitu. Ni mikono. Umri umefika, tusidanganyane. Nipe ufunguo, nitakuwa nakupeleka mwenyewe."

"Utanipeleka lini, na wewe jua linakukuta kitandani?"

"Jumamosi, Mama. Jumamosi sina kazi."

"Vitamutamu vyangu vikae mpaka Jumamosi viote ndevu?"

"Mama, uliingia bandani kwa watu!"

"Gari ndilo lililoingia. Mimi nilikuwa naelekea kulia."

Wirot akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyebeba faili zito. "Basi tufanye hivi. Gari bado lina waranti. Kampuni ikiandika kwamba ni bovu, sitafungua mdomo tena. Ikiandika ni zima, ufunguo unakuja kwangu."

Lamun akakubali. Ninyi mnaocheka huko nyuma, acheni. Kumnyang'anya mtu ufunguo wake ni kumwambia akae barazani asubiri kuitwa, na Lamun si mtu wa kusubiri kuitwa.

Safari ya kwanza kampuni ilimpokea kwa kitambaa baridi na maji ya maua ya buluu yenye barafu, silaha ambazo zimekwishalaza wateja wengi. Wakalizungusha gari mara moja uani, wakamrudishia karatasi yenye mhuri: Hali ya Kawaida. Safari ya pili maji yaliongezwa ndimu, na mhuri ukawa uleule. Wirot alipouona mhuri wa pili alinyoosha kiganja. Mama yake akamwomba siku tatu, maana waranti nayo ilikuwa imebakiza siku tatu, akavuka uwanja akaja kugonga mlango wangu.

"Kaka Prayat, vaa shati la maana. Nataka shahidi mwenye sauti."

Enyi jamaa, nilivaa lile la hariri! Tukaenda tumeegemea kulia safari nzima, kuusaidia usukani. Tulipoingia karakana tukakabiliwa na Fundi Thawi, pande la mtu, mshika spana wa kutisha, aliyesimama mlangoni ameweka mikono kiunoni.

"Shangazi, hili gari tumelipima mara mbili."

"Mmelipima uani, mwanangu. Uani kwenu ni hatua ishirini. Hata mimi uani sijagonga mtu. Twende barabara ya mfereji."

"Utaratibu wetu ni uani, Shangazi."

"Utaratibu wenu tuuache uani, upumzike. Wewe panda."

Akapanda, maskini, huku akiwakonyeza wenzake. Tazameni alivyoketi! Mkono mmoja usukanini, wa pili ukining'inia dirishani kwa madaha ya bwana harusi, mfereji ukimetameta kushoto kwetu, upana wa barabara ukiwa wa kupishana kwa kuombana radhi. Ishirini. Thelathini. Thelathini na tano.

"Umeona, Shangazi? Linateleza vizuri tu, mimi nilishakuambia kwamba—"

Arobaini. Nalo gari likageuza uso kwenda majini.

"Mama yangu wee!" akalia Fundi Thawi, mkono wa dirishani ukarudi ndani kwa kasi ambayo macho hayakuiona, akaung'ang'ania usukani, akaukata kulia, ukakataa, nami, kwa mazoea ya miaka thelathini, nikajikuta natangaza kwa sauti yote: "Anaacha njia! Anaacha njia! Kushoto kabisa, mabibi na mabwana!"

"Nyamaza wewe!" wakanipigia kelele wote wawili.

Tukasimama shibiri moja kutoka ukingoni. Kenge aliyekuwa anaota jua alitutazama, akajitumbukiza majini, akatuachia nafasi. Jasho lilimtiririka Fundi Thawi mpaka kwenye kola.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "hii ni reki. Reki ya usukani imekufa. Kile chuma kinachopeleka magurudumu huku na huku. Hii si mikono, nani kakwambia ni mikono?"

"Sema tena."

"Reki, Shangazi. Ni kile chuma—"

"Achana na chuma. Lile la mikono."

"Si mikono yako, Shangazi."

Lamun akageuza uso dirishani, akajishughulisha na kitambaa chake cha shingoni kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kitambaa chochote. Nikajihesabia vitamutamu kwenye trei. Sauti yangu ina adabu, ikitaka.

Mngedhani vita vimekwisha. Thubutu! Tuliporudi akatutokea Meneja Phichet, bwana wa kalamu tatu mfukoni, mlinzi wa masharti madogo madogo, mtu mpole ambaye hukunyima huku anakutabasamia. Alimsikiliza fundi wake mpaka mwisho, akainama dirishani, akatazama ndani, akanyoosha kalamu.

"Kasoro ipo, Shangazi, sikatai hata kidogo. Lakini hapa tuna kifungu cha kumi na nne. Mteja akifunga kitu chochote kwenye usukani, waranti imekufa. Na hivi ni nini?"

Hivyo vilikuwa vitambaa vitatu, chekundu, cha manjano na cha kijani, vilivyofungwa shinani mwa usukani kwa ajili ya Mama Mlinzi, yule akaaye ndani ya kila chombo kiendacho, awe ameonekana au hajaonekana.

"Kwa hiyo utaandika nini?" akauliza Lamun.

"Nitaandika kwamba usukani umeharibika kwa kitendo cha mteja. Samahani sana. Karibu maji ya barafu."

Kwa kitendo cha mteja! Enyi jamaa, moyo wangu ulianguka. Akilini niliiona karatasi hiyo mkononi mwa Wirot, nikamwona Lamun barazani, mikono mapajani, akiingoja Jumamosi. Lakini yeye alishuka garini taratibu, akajinyoosha mgongo, akanena, na karakana nzima ikaacha kugonga vyuma ili imsikie.

"Meneja Phichet! Vitambaa hivi nilivifunga hapahapa kwenu, siku nilipolichukua gari, na watu wako wakasimama wakaunganisha viganja pamoja nami. Miaka mitatu Mama Mlinzi amekaa humu, kwenye jua, kwenye mvua, kwenye harufu ya mayai, hajalalamika. Leo unaniambia yeye ndiye aliyevunja chuma chako? Haya, mimi sibishani na kifungu. Vifungue kwa mkono wako. Mwambie ashuke, umwambie na sababu. Halafu andika utakavyo."

Meneja akatazama vitambaa. Akamtazama fundi.

"Thawi, fungua."

"Mimi, bosi?" Fundi Thawi akaficha mikono nyuma ya mgongo. "Bosi, mimi nina watoto."

Meneja akamtafuta dada wa mapokezi, akamkuta ameinamia mashine ya kubania karatasi kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. Muuzaji wa magari alikumbuka haja, akaenda msalani. Katika jengo lile la vioo na feni kumi na mbili hakupatikana mkono mmoja wa kufungua fundo.

"Na gari lako wewe liko wapi?" Lamun akauliza.

"Gari langu halihusiani, Shangazi."

"Liko kivulini, nyuma ya stoo," akasema Fundi Thawi, ambaye hofu ya mfereji ilikuwa bado haijamtoka.

Tukaandamana, Lamun mbele, mimi na trei yangu nyuma yake, mafundi wakifuata na spana zao, meneja akifuata kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Lilikuwa gari aina ileile, limesuguliwa likasugulika. Na usukanini, la haula, vilining'inia vitambaa vya rangi saba, na juu yake shada la jasmini ambalo maji ya asubuhi ile yalikuwa bado hayajakauka!

"Saba!" nikatangaza, nani angenizuia? "Saba, mabibi na mabwana, dhidi ya vitatu!"

Lamun akanyoosha mkono, na mtu fulani, sikumwona nani, akamtia mkasi kiganjani. Akampa meneja kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Kata vyako, nami nakata vyangu. Kifungu ni chetu sote."

Meneja Phichet aliushika mkasi. Jioni ile alikuwa na safari ya Bangkok, na mawingu yalishaanza kujikusanya upande huohuo. Akafungua mlango, akainama, akasogeza ncha ya mkasi mpaka kwenye kitambaa cha zambarau. Tukasikia pumzi yake. Kisha akauweka mkasi chini polepole, akaunganisha viganja akauinamia usukani mara tatu, akageuka akamwinamia Lamun mara moja.

"Shangazi, wewe ni mgumu."

"Kalamu unazo tatu. Tumia moja."

Akaandika juu ya boneti ya gari lake: Reki ya usukani ina kasoro ya kiwandani, itabadilishwa bure. Akasaini. Lamun akasoma, akairudisha.

"Ongeza: Dereva hana kosa."

"Fomu haina nafasi hiyo, Shangazi."

"Pembeni kuna nafasi. Andika kwa wima."

Akaandika kwa wima, akagonga mhuri juu yake, na mafundi wakashangilia kama siku ya fainali. Vitamutamu vyangu, yaani vyake, vilikwisha palepale. Meneja mwenyewe alikula vitatu.

Siku ya pili tukalirudisha gari nyumbani, reki mpya chini yake, nami nikashuka langoni alikokuwa amesimama Wirot. Mama yake alimpa karatasi kupitia dirishani. Akaisoma. Akaigeuza ubavu ili asome ya pembeni. Masikio yakamwiva.

"Mama, nisamehe."

"Unajua, Wirot, mimi nilishakuamini." Aliyasema haya akiitazama mikono yake. "Kila nikimaliza kupiga mayai nilikuwa nakaa naikunja, naikunjua, nauliza imeanza lini kunisaliti. Nilikuwa naiogopa. Mikono yangu mwenyewe."

Wirot, afisa wa halmashauri, mwenye shati lililopigwa pasi, akapiga magoti kwenye vumbi la lango, akaivuta ile mikono kupitia dirishani, akailaza kwenye paji la uso wake, na hakuinuka upesi. Niliangalia paa la nyumba. Nyumba ile ina paa zuri sana.

"Basi, inuka, unachafua suruali," akasema Lamun. "Panda twende."

"Wapi, Mama?"

"Popote. Mimi ndiye ninayeendesha."

Na iandikwe basi, enyi wote mliosikia, iandikwe kwa wino usiofutika na isomwe kwa vipaza sauti vyenye nguvu kuliko vile nilivyopewa mimi: katika mwaka wa elfu mbili mia tano na sitini na saba kwa hesabu yetu ya Kibudha, mwezi wa mvua za kwanza, Lamun binti wa mgema, mshindi wa kifungu cha kumi na nne, aliiteka barabara ya mivumo kwa mwendo wa arobaini, kisha hamsini, kisha sitini, na kigari chake hakikuegemea kushoto wala kulia. Nilisimama langoni nikakitazama mpaka kikawa nukta, nikangoja kirudi. Walikawia sana. Waliporudi jua lilikuwa limeshazama, Wirot amelala fofofo kiti cha abiria, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala alipokuwa mdogo. Na Lamun akazima injini taratibu, akautia ufunguo mfukoni mwake.