Nyota Watano, Dume Moja

Chrispine, dalali wa kila kitu, alimkuta Mzee Zadock ufuoni Mbita akilalamika juu ya dume, akajua siku imeanza vizuri. Mtu mwenye uchungu moyoni na samaki wa kuuza ni mteja mwema.

Kila mwaka familia ya Zadock huandaa mashindano ya mpira wa kikapu mjini Homa Bay kumkumbuka marehemu kaka yake. Mshindi hupewa dume la ng'ombe, na kila mwaka dume huondoka na timu ya Migori, kaunti jirani.

"Ndugu yangu nilimzika mara moja," Zadock alisema, "lakini hawa watu wanamchukua kila Agosti."

"Mzee, shida yako ni kuchezesha watoto wa nyumbani," Chrispine alisema kwa sauti ya kanisani. "Nikuletee mastaa watano. Dume litalala kwako."

"Wote watano mastaa? Nani atampa mwenzake pasi, omera, ndugu yangu?"

"Staa haombi pasi, mzee. Ndiyo maana ni staa."

Zadock akatoa pesa za kuwakusanya. Chrispine akawazungukia wafungaji hodari wa Rusinga, Oyugis, Kendu Bay na kwingineko, akamnong'oneza kila mmoja maneno yale yale: wewe ndiye nyota, wale wengine ni wa kukupasia, na dume ni lako. Ahadi hiyo haikumtisha, kwa kuwa hakukusudia dume lipatikane. Watu watano wa namna hiyo, alijua, hawawezi kushinda hata kwaya ya chekechea.

Kwa hiyo akaweka dau na Gisiri, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Migori. Migori wakishinda, Chrispine angepata ng'ombe wawili. Wakishindwa, Gisiri angechukua pikipiki yake.

"Unawasaliti watu wa kwenu?" Chrispine alimtania.

"Ng'ombe wangu hawana kaunti, bwana."

Siku ya fainali, ambayo timu ya wenyeji huingia moja kwa moja, baada ya maombi na picha ya marehemu kuwekwa mezani, refa alipuliza kipenga. Austine wa Rusinga akaudaka mpira. Mwenzake wa Oyugis akampokonya. Wa Kendu Bay akampokonya wa Oyugis. Chrispine akatabasamu.

Hadi mapumziko hapakuwa na pasi hata moja. Ila hapakuwa pia na Mmigori aliyekaa na mpira. Kila alipoushika, mastaa wote walimvamia, kila mmoja akiogopa mwenzake ataupata kwanza. Staa akirusha akakosa, wenzake waliruka juu yake wakaudaka, wakarusha tena. Wachezaji wa Migori walisimama pembeni kama wageni waliofika kwa watu wakakuta mume na mke wanagombana.

Mchezo ulipokwisha, Migori walikuwa wameshindwa vibaya. Gisiri alikuja, akanyoosha mkono, akapewa ufunguo wa pikipiki.

Zadock alimkumbatia Chrispine huku machozi yakimtoka. "Umemrudisha ndugu yangu nyumbani."

Nyuma yao mastaa watano walikuwa wameshika kamba moja, kila mmoja akivuta dume upande wake.

"Achieni," Austine alisema. "Chrispine alinipa mimi."

Kamba ikalegea.

"Alikupa wewe?" wa Oyugis aliuliza polepole.

Wakatazamana. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, wakatembea kama timu.

Chrispine alifika langoni akihema. Gisiri alikuwa anawasha pikipiki.

"Nibebe, ndugu yangu."

"Mpaka wapi?"

"Popote."

"Popote ni mbali," Gisiri alisema. "Lipa nauli kwanza."