Zamu ya Sauna na Vidonge vya Shemeji

Alhamisi, 13 Juni
Mama Aune wa ghorofa ya kwanza anahama. Zamu yake ya sauna, chumba cha kuoga kwa mvuke cha jengo letu, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, iko wazi! Miaka kumi na moja sisi tunaoga Jumanne. Raili, mke wangu, anaitamani Jumamosi kwa sababu ndiyo siku ya wajukuu. Jumatatu, saa moja asubuhi, mtunza jengo atabandika karatasi mpya ya zamu zote ukutani, kando ya mlango wa sauna. Wa kwanza kujiandikisha ndiye mwenye zamu. Mpinzani ni mmoja: Ensio wa juu yetu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri bila kengele. Mimi sijalala vizuri tangu kiangazi kianze na jua liache kuzama huku kaskazini. Lakini ninayo melatonini, dawa ya usingizi, aliyoniletea shemeji kutoka Marekani. Miligramu kumi kila kidonge: nitalala mapema, niamke kabla yake.

Ijumaa, 14 Juni
Nimepita duka la dawa. Tuija, mfamasia, kasema nianze na miligramu moja, saa moja kabla ya kulala, nisivuke mbili. Kuzidisha hakuongezi usingizi, kunaongeza kuumwa kichwa, kizunguzungu na ndoto za ajabu. Bia marufuku. Akauliza kama natumia dawa za presha. Natumia. Basi, mzee wangu, akasema, kamwone daktari kwanza, na ununue mapazia mazito. Mwanamke mwema, ila hajazoea watu wenye mipango.

Jumamosi, 15 Juni
Jana usiku nilijaribu kimoja. Nimeota Ensio ni askofu, ananibatiza kwa ndoo ya sauna. Nimeamka saa nne asubuhi, kichwa kizito, nikapaka siagi kwenye gazeti. Hitimisho: dozi ilikuwa ndogo.

Jumapili, 16 Juni
Usiku huu vitatu, na bia ya kuvisukuma. Sitalala kitandani. Nitalala kitini, kando ya mlango wa sauna, kalamu mkononi. Raili kasema nikianguka atanikanyaga akienda kufua chumba cha jirani.

Jumatatu, 17 Juni
Nimeamka saa tano na robo. Shingo imepinda. Nimefunikwa blanketi lisilo letu. Karatasi ilikuwa juu ya kichwa changu, imejaa majina. Jengo zima limepita kwa kunyata. Huku kwetu mtu aliyelala haamshwi, hata akikoroma. Mstari wa Jumamosi ulikuwa na mwandiko wa Ensio. Niliwafikiria wajukuu, nikaona aibu hadi machozi yakanilenga. Kisha nikavaa miwani. Ensio ameandika: Raili na wajukuu.

Jumanne, 18 Juni
Raili anasema Ensio hakuitaka zamu hiyo hata siku moja. Aliamka mapema atuandikishe, maana alijua mimi sitaweza. Yaani Raili anaamini hayo! Ni wazi alinikuta ninalinda mlango, akakata tamaa. Nimempelekea Tuija habari kwamba vitatu vinafanya kazi. Akanikalisha kitini akanipima presha, kisha akaipima tena. Raili naye ameamua: Jumamosi ni yake na wajukuu, mimi nibaki na Jumanne waliyoniachia. Sawa tu. Nimemwandikia shemeji alete chupa mbili za vidonge. Septemba tunachagua mwenyekiti wa jengo, na mimi nagombea.