Gurudumu la Raia Lililoitangulia Serikali

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Albertville, wenye magurudumu na wenye miguu tu, kwamba Biro ya Barabara na Heshima ya Mamlaka imegundua hatari mpya dhidi ya taifa. Hatari hiyo haikutoka ng'ambo ya ziwa. Ilitoka karakana ya reli, ikanguruma, ikasimama pa kizuizi cha treni kando ya Komisere wetu, Papa Théophile.

Nilikuwepo. Mimi ndiye sekretere wa Biro, na nilikuwa nimekaa nyuma ya Komisere juu ya tukutuku, ile pikipiki ya Serikali, nimekumbatia mkoba wake wenye mambo ya siri na ndizi. Kando yetu alisimama Germain, fundi wa kuchomelea vyuma, juu ya tukutuku yake kuukuu. Lakini mbele yake, mama yangu! Ile miguu ya mbele, vyuma viwili vinavyoshika gurudumu, alikuwa ameikata, akaiunga mabomba, akairefusha na kuilaza, hata ungesema gurudumu limetangulia mji wa Kabimba kumtafutia mwenyewe malazi. Mtindo huo aliuona katika gazeti lililosahauliwa na askari mmoja wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa.

Komisere na Germain walikaa bega kwa bega. Magurudumu hayakuwa bega kwa bega.

"Weye kijana," akasema Komisere, "gurudumu lako limefika wapi?"

"Pa kizuizi, Papa."

"Na la kwangu?"

Germain akainama, akachungulia. "La kwako lingali njiani, Papa Komisere."

Watu wakacheka. Basi sheria ikawa imevunjika: gurudumu la raia limeitangulia Serikali. Tukutuku ikakamatwa, ikafungiwa nyuma ya Biro pamoja na mbuzi wawili waliokuwa wakichunguzwa kwa kosa lingine.

Kwa Germain hayo hayakuwa mchezo. Jumamosi alikuwa anamuoa Hortense, na mama mkwe, Mama Philomène muuza ndakala, vile visamaki vikavu vya ziwani, alikuwa ameshasema mbele ya jamaa zote mbili: "Mutoto wangu hatatoka kanisani kwa miguu kama anaenda kuchota maji. Umesema utamubeba na tukutuku, umubebe. Ukishindwa, Grégoire wa posta iko na baiskeli, na anaulizaka habari yake kila siku."

Germain akaja bironi kwangu, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, nisaidie."

"Jambo lako liko mbele ya Komisyo ya uchunguzi."

"Nani iko ndani ya Komisyo?"

"Komisere."

"Na nani tena?"

"Komisere akiwa amevaa kofia."

Komisyo ilifanya kazi kwa bidii. Asubuhi iliona kwamba mbele ndefu ni hatari. Mchana Komisere alipanda tukutuku ya Germain kwa uchunguzi, akajiona katika kioo cha dirisha, na hatari ikapungua. Jioni amri ikatoka. Kifungu cha kwanza: urefu wa mbele ndio cheo. Cha pili: mwenye mbele ndefu kupita wote ndiye mkubwa, na wote watampigia saluti. Cha tatu: amri hii haitafutwa na mtu yeyote aliye chini ya huyo mkubwa.

Germain akaitwa.

"Refusha ya Serikali, ipite ya kwako."

"Na ya kwangu mutanirudishia, Papa?"

"Tutaona kisha ya defile."

Defile, gwaride la sikukuu ya Uhuru, ilikuwa Jumamosi hiyohiyo, asubuhi. Germain akachomelea huku akitazama jua. Tukutuku ya Komisere tukaijaribu katika barabara nyoofu ya stesheni, ikaenda kama wembe.

"Papa," nikauliza, "na pa kona?"

Komisere, aliyeanza ukubwa wake kwa kuuza tikiti za treni, alinitazama kwa huruma. "Ulishaona dereva wa treni anazungusha usukani? Njia njo inajua kona."

Nikaandika: njia inajua kona.

Jumamosi Komisere alitangulia defile, kifua kimejaa utepe. Mbele ya jukwaa la wageni barabara inapinda kufuata ziwa. Komisere aliinua mkono wa saluti, akangoja njia imchukue. Njia ikakata kushoto. Komisere akaendelea na programu. Alipita katikati ya wapiga tarumbeta, akashuka mchangani, akapitia ndakala zilizoanikwa na Mama Philomène, akamalizia kwa mtumbwi. Ile miguu ya mbele ikajikunja kama ya mbuzi anayelala, gurudumu likaingia chini ya kiti.

"Papa Komisere," akasema Mama Philomène, "ndakala hizi ni za harusi. Tulikualika, lakini saa kumi!"

Brigadia Ngoy wa polisi alikuja mbio, mkono ukakwama katikati ya saluti. Ngoy ni mtu wa sheria.

"Sekretere, nimupigie ama hapana?"

Nikapima kwa macho. "Kwa kifungu cha kwanza, sasa Papa iko chini ya baiskeli ya Padri."

"Basi mukubwa wetu ni nani?"

Tukatazamana. Mbele ndefu kupita zote mjini ilikuwa nyuma ya Biro, na mbuzi.

"Nafuta amri hiyo!" akapiga kelele Komisere, ndakala moja sikioni.

"Kifungu cha tatu, Papa," akasema Ngoy kwa masikitiko. "Weye uko chini."

Tulimkuta Germain amekaa kizingitini kwake, suti ya harusi imemkaa vizuri, uso umemwanguka. Ngoy akapiga saluti mpaka kofia ikaruka.

"Mukubwa, amri yako?"

Germain alinitazama mimi, akamtazama Ngoy, akaona hatucheki.

"Fungueni mlango wa nyuma ya Biro."

"Na mbuzi?"

"Watoke wote."

Jioni hiyo Hortense alitoka kanisani akapanda nyuma ya bwana wake, na watu waliacha kumtazama Padri. Mama Philomène alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ndipo Komisere akatokea, amejaa mchanga, anasukuma chuma chake kilichojikunja.

"Mukubwa," akasema taratibu, "nichomelee kidogo. Hata shibiri moja tu ya cheo."

Germain akapiga teke la kuwasha mashine.

"Papa, leo biro imefungwa," akasema kwa upole wa kiserikali. "Rudi Jumatatu."