Msomaji wa Kila Asubuhi

Jumatatu, 4 Novemba

Kikao asubuhi. Katibu ametangaza kwamba chama chetu cha madereva wa malori kinahama. Si ofisi, ni tovuti. Ya zamani imechoka, ukibofya hapa inaitika kule. Mfumo mpya umeshanunuliwa, na wa kutuhamisha ni Fundi, binti mpole mwenye miwani anayejibu kila swali kwa neno moja. Nilimuuliza kama kazi ni ngumu. Akasema, kiasi.

Jambo kubwa: ukurasa wa mbele utakuwa na nafasi tatu tu, na watakaozipata ni wenye wasomaji wengi. Mhasibu akajichekea. Yeye ana bei za vipuri, na dereva gani hataki kujua bei ya pampu ya breki? Mimi, Afisa Habari, nina safu yangu, "Usukani wa Hekima". Ni kweli sijui kuendesha. Mhasibu hukumbusha watu jambo hilo kila wanapokuja wageni. Lakini kocha naye hachezi mpira, na hakuna anayemsema.

Nafasi moja lazima iwe yangu. Picha nimeshapiga. Nyingi. Katika mojawapo nimeegemea lori.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeanza kujisomea. Mwenye husuda ataita hila, mimi naita kujituma. Nafungua safu yangu, naifunga, naifungua tena. Kidole kimekufa ganzi. Wenzangu walipotoka kwenda kula nikahamia mezani kwa Mhasibu, nikajisomea kwenye kompyuta yake. Akili ni mali!

Mchana Fundi akaleta hesabu. Akasema mbele ya watu kwamba "Usukani wa Hekima" unaongoza kwa mbali, ila wasomaji wote wamo humu ofisini, na karibu wote wamekaa kwenye kiti changu. Mhasibu akauliza kama sasa nimeelewa nilichoandika, maana nimekirudia sana. Hata Katibu alicheka. Fundi hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Katibu kanipa kazi ya kupitia kurasa za zamani zisizo na mwenyewe, niamue upi uhame na upi ubaki. Nadhani alitaka tu niwe na shughuli. Hajui amemkabidhi fisi bucha. Kila ukurasa unaobaki ni nafasi ya picha zangu.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimekuwa hakimu. Tangazo la mashindano ya kuvuta kamba: ubaki. Shukrani kwa mgeni rasmi ambaye hakufika: ubaki. Kazi tamu hii.

Kisha nikafika "Wakongwe Wetu". Ni sauti za madereva waliostaafu, zilizorekodiwa na aliyenitangulia kwenye kiti hiki. Ukurasa mzima una msikilizaji mmoja. Ajabu ni kwamba huyo mmoja hakosi. Kila asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa anafungua sauti moja, ile ile, anaisikiliza hadi mwisho, anaondoka.

Nikakaa nikafikiri. Nani anaamka mapema hivyo? Mhasibu. Nani anajipendekeza kwa wastaafu? Mhasibu. Basi anajikusanyia wasikilizaji polepole, kwa adabu, asije akashtukiwa kama mimi. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikaandika: ubaki.

Sikuufungua. Niseme ukweli, ukurasa ule huwa naupita mbali. Baba yumo. Aliendesha malori ya watu maisha yake yote, na tangu tumzike sijapata moyo wa kusikia sauti yake. Nakala itakuwepo mahali. Vitu vya chama havipotei.

Fundi akaeleza kwamba kinachobaki kinafungwa leo leo, na Ijumaa jioni mtambo wa zamani unazimwa na kufutwa kabisa. Akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwa neno lake: kiasi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama kapiga simu asubuhi kusema simu yake imekufa. Nikamuuliza mbona anaongea nayo. Akasema yeye anaongea, baba yangu ndiye haongei. Nilikuwa katikati ya sentensi nzuri kuhusu matairi. Nikamwambia aizime, aiwashe. Nikarudi kwenye matairi. Sentensi ilikuwa haijafika mwisho nilipomkumbuka yule msikilizaji wa kila asubuhi.

Baada ya kazi nikaenda kwake. Alinieleza bila aibu yoyote. Fundi simu wa mtaani kwao alimwekea alama ya kubonyeza. Kila asubuhi akiinjika chai, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anambonyeza Baba. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungesema nimwache apumzike," akasema. "Mimi simsumbui, mwanangu. Nachemsha chai, yeye anaongea."

Akanipa simu niitengeneze, maana mimi ndiye msomi wa nyumba. Nikaigeuzageuza. Nikasema ni mtandao. Alinishukuru, akanimiminia chai. Nimeona haya mbele ya mama yangu mzazi, tena yeye hata hajui sababu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nikampigia aliyenitangulia, nikimwomba nakala. Akasema hakuna. Kinasa sauti kilikuwa cha kuazima, alikifuta ndipo akakirudisha kwa mwenyewe. Basi sauti ya Baba imebaki mahali pamoja tu duniani, na pale panazimwa jioni!

Fundi akasema inahamishika. Nikataka kumkumbatia. Akasema ila nafasi imejaa. Imejaa nini? Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Imejaa mimi. Mimi nimeegemea lori, mimi nimeshika usukani, mimi nimekunja mikono natazama mbali kama mtu mwenye mzigo wa kufikisha. Picha kubwa kubwa, kila moja imekula nafasi ya mkongwe mmoja. Tena, akasema, ukurasa sharti uwe na mtu wa kuutunza, na Katibu aridhie.

Kwa Katibu nikamkuta Mhasibu. Hakukuwa na muda wa kusubiri atoke. Nikasema yote, na Mama na kopo la sukari.

"Ulijua baba yako yumo?" Katibu akauliza.

Nikasema nilijua.

"Na ukaandika ubaki."

Nikasema nilidhani msikilizaji ni Mhasibu. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu nilitamani ardhi ipasuke. Mhasibu akasema kama nafasi haitatosha zitolewe picha zake za vipuri, dereva anataka bei, sura ya pampu anaijua. Akatoka bila kunicheka. Ana lake jambo. Nitamchunguza.

Katibu akaridhia, na mtunzaji akaniandika mimi. Nikazifuta picha zangu moja moja. Ya kuegemea lori nikaiacha mwisho, nikaiaga, nayo ikaenda. Fundi akahamisha sauti zote, na ili kuhakikisha akaifungua ya Baba. Sikuwahi kutoka chumbani kabla haijaanza.

Anaeleza kushuka mlima na shehena. Anasema mtelemko hushindani nao, unaushuka kwa gia ile ile uliyopandia. Mara Mama anasikika kwa mbali akiuliza kama sukari inatosha, na Baba anamwambia angoje, anahojiwa. Kisha anacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile, jinsi kinavyoanzia puani. Mwishoni aliyemhoji anamuuliza kama ana mtoto atakayerithi usukani.

"Ninaye kijana, ila huyo wangu anataka kalamu," Baba anasema. "Sawa, na ashike kalamu. Lakini ana haraka yule. Mtelemko wowote anaukata kwa gia kubwa. Mama yake ndiye breki yake."

Nililia. Nililia kwenye kiti cha ofisi, na Mhasibu akipita korido. Fundi akavua miwani, akaifuta, akasema neno moja. Pole.

Jumatatu, 11 Novemba

Tovuti mpya imefunguliwa. Mbele kuna bei za vipuri, leseni na hali ya barabara. "Usukani wa Hekima" uko nyuma kabisa. Ingekuwa nyumba, ungekuwa kile chumba cha kuwekea ndoo. Sinung'uniki.

Mama kapiga. Baba anaongea! Tena hakwamikwami kama zamani. Ameniombea dua ndefu, kila nikitaka kukata simu anaongeza. Nimekaa nikiwaza kwamba mtu anaweza kukimbilia ukurasa wa mbele miaka yote, na kitu chake cha maana kiko nyuma, kinasikilizwa na mtu mmoja jikoni. Somo nimelipata. Kushuka kwa gia ndogo. Sitaki hila tena maisha yangu yote.

Jioni Fundi akaleta hesabu za siku ya kwanza. "Usukani wa Hekima": sifuri. "Wakongwe Wetu": mmoja, hadi mwisho. Nilimtazama sana yule mmoja. Halafu nikakumbuka kwamba mtunzaji wa "Wakongwe Wetu" sasa ni mimi.

Jumatano, 13 Novemba

Safu yangu imehamia chini ya sauti ya Baba. Kihalali kabisa, mtunza ukurasa hupanga anavyoona. Jana msomaji mmoja. Leo mmoja. Wa kweli, si wa ofisini! Nimemwonyesha Mhasibu. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye vipuri vyake. Wivu.

Mama kapiga tena. Anauliza nani huyo ameandika gazeti zima chini ya baba yangu. Nikamwambia ni mtaalamu mmoja wa usukani anayeheshimika sana. Akasema hajamsoma, akifika pale Baba ameshamaliza na chai imeshachemka.

Nimelifikiria hilo kwa utulivu, kwa gia ndogo, kama alivyoagiza Baba. Kosa liko kwenye mpangilio. Kesho asubuhi naiweka safu juu ya sauti. Mama akitaka kumfikia mumewe, atapitia kwangu.