Wazee Kwanza Katika Daraja la Korimba

Jumatatu, 4 Agosti

Shule zimefungwa. Nyumba imejaa kelele na mimi nimejaa furaha. Ripoti za watoto nimezisimamisha juu ya kabati la vyombo, pale ambapo mgeni hawezi kukosa kuziona hata akiwa na haraka. Cheptanui, miaka kumi: mwalimu ameandika ana bidii. Kiptum, miaka saba: mwalimu ameandika anaongea sana darasani. Hiyo pia ni akili. Wakili analipwa kwa nini kama si kuongea?

Jioni baba yao, Kigen, akapiga simu kutoka Olkaria, kule anakofungua na kufunga mabomba ya mvuke. Anakuja Jumamosi, siku tatu za ofu. Hakuuliza habari ya mahindi, hakuuliza habari ya paa la choo. Aliuliza kama ile flashi iko salama! Nikamwambia iko ndani ya kopo la majani chai, hata panya hawezi kuijua.

Flashi ina muvi sita za Daraja la Korimba. Kigen aliona mbili za kwanza akiwa kijana, katika kibanda cha video huko Kaptembwo, yeye na marehemu kaka yake wamebanana kwenye benchi moja na watu wengine wanane. Anasema mwisho wa ile ya pili kuna siri inafichuka. Ati siku hiyo hata yule jamaa wa maiki aliyekuwa akiwatafsiria alinyamaza kabisa, na kaka yake akaruka juu, benchi ikaenda chini na watu wote. Miaka yote hii amengoja Kiptum afikishe saba. Jumamosi hataki hata kuangalia TV, anasema. Anataka kukaa pembeni aangalie nyuso za watoto siri ikitoka.

Akaniambia, "Mama Cheptanui, tafadhali. Usiwaanzishie. Nambari moja, halafu mbili, na mimi nikiwa hapo."

Nikaapa. Niliapa vizuri sana, mpaka nikajiamini.

Jumanne, 5 Agosti

Kuluthum wa jirani amekuja kurudisha sufuria yangu. Ni fundi wa nguo, mtu mzuri, lakini akiketi lazima amtaje binti yake Najwa kabla hajapoa. Leo ilikuwa hivi: Najwa ameziona muvi zote za Korimba, na mjomba wake alipotembea kwao, Najwa ndiye aliyemweleza nani ni nani, nani babu, nani adui, nani alioa wapi. Mjomba akashika kidevu. Akasema huyu msichana atakuwa daktari.

Nikamwambia wangu pia ni werevu. Akatabasamu kama mtu anayepima kiuno na kukuta kimezidi futi yake.

Sikusikia raha tena. Nimewaza Jumamosi. Kiptum atauliza, baba, huyu ni nani? Baba, mbona ana ndevu? Kigen atadhani mimi kazi yangu hapa ni kupika tu, watoto wanakua kama nyasi. Hapana. Nataka wakae pale kama maprofesa.

Halafu Kuluthum, akiwa mlangoni, akaniachia dhahabu bila kujua. Akasema ya nne na ya tano zinarudi nyuma kabisa, ni za ujana wa babu na nyanya wa Ilisa, yule msichana wa ile ya kwanza.

Kumbe! Kwa hivyo hao watu wa muvi walipanga nambari vibaya! Nani anaanza na mjukuu? Hata kwa koito, siku wakwe wanapokuja kujulishana, wazee ndio hutambulishwa kwanza, kisha wazazi, watoto wanakuja mwisho wakiwa wamelala tayari. Ukianza na mtoto utaulizwa umelelewa wapi. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kosa hili nimeliona, na wao na kamera zao hawakuliona.

Nimeamua. Nne, tano, halafu moja. Na kiapo? Nimekichunguza kiapo changu. Kigen alitaja moja na mbili. Nne na tano hakuzitaja hata kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua tangu saa sita mchana. Siku ya muvi yenyewe. Nimewaketisha, nimefunga pazia, nimeweka nambari nne.

Ile ya kwanza niliiangalia yote. Nyanya akiwa msichana, anapanda mtama karibu na daraja, anaimba. Mtu mpole! Anawapa wasafiri maji, anafunga vidonda vya punda. Nimempenda kama shangazi yangu wa Molo. Yuko na mikono ya mtu wa kazi, sio hao wengine wa kucha.

Katikati ya nambari tano nikakumbuka unga niliokanda. Nikaenda jikoni. Chapati haingoji mtu. Huko nikasikia muziki mkubwa, kisha kimya, kisha Kiptum akipiga ukemi. Niliporudi ilikuwa inaandika majina ya wenyewe. Cheptanui alikuwa ametoa macho. Kiptum alikuwa ndani ya pazia, miguu tu nje.

Nikawauliza kama wameona faida ya kuanza na wazee. Cheptanui akaniuliza pole pole kama nimeona mwisho. Nikamwambia nimeona kila kitu. Mama anaona hata akiwa amegeuka.

Akasema, "Na hujashtuka?"

Nikamwambia mimi nimezaa watoto wawili, sishtuki ovyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejisifu, na majuto yakafika kabla sijamaliza sentensi.

Nilikuwa naanika nguo, Kuluthum akiwa upande wake wa ua. Nikamweleza mpangilio wangu, koito na yote. Akaweka mikono kichwani. "Mama Cheptanui! Umewaonyesha ya tano kwanza? Si siri yote ya ile ya pili iko hapo mwisho!"

Nikacheka kama mtu anayejua. Nikasema siri naijua vizuri. Akaniuliza ni gani. Nikasema nina maharagwe motoni. Sikuwa na maharagwe yoyote.

Saa kumi Kigen akapiga. Ameomba mwenzake amshikie zamu ya Ijumaa usiku ili asifike amechoka. Amewaambia watu wote wa kituo. Sauti yake ilikuwa kama ya kijana aliyenunuliwa viatu. Akasema tangu azike kaka yake hajapata mtu wa kuzungumza naye habari za Korimba, na sasa atakuwa nao wawili. Akauliza tena: hawajaona, sivyo? Nikamwambia nambari moja hawajaiona kamwe. Ukweli mtupu, na nikakata simu kabla hajauliza nambari nyingine.

Chakula kimenishinda. Nimekula ugali mara mbili tu.

Shida ya pili: hiyo siri siijui. Na siwezi kuwauliza watoto, maana niliwaambia nimeona kila kitu. Heshima ya mzazi ikivunjika haishikwi na gundi.

Lakini nimelala kidogo jioni na akili imerudi. Kigen anataka nini? Nyuso zilizoshtuka. Basi atapata nyuso zilizoshtuka! Uso unafundishwa kama shairi la siku ya wazazi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi ya kushtuka, asubuhi na jioni.

Cheptanui ana kipaji. Anaweka mkono kifuani, anafungua mdomo, anaegemea nyuma kama mtu aliyeambiwa shamba lake limeuzwa na ndugu yake. Machozi karibu yanitoke. Kiptum ni mtihani. Akishtuka anafanana na mtu mwenye tumbo la maembe mabichi, kisha anacheka. Pia hana breki. Nikimwacha atashtuka kabla muvi haijaanza.

Kwa hivyo nimeweka ishara. Siri ikifika, nitakohoa. Nikikohoa, wote wawili washtuke.

Cheptanui akauliza kama mimi najua ni saa ngapi siri inatoka. Nikasema mzazi anajua. Akanitazama. Akamtazama ndugu yake. Kisha akasema afadhali tumwambie baba ukweli kabla hajakaa. Mtoto huyu siku hizi anafanana sana na upande wa baba yake. Nikamwambia ukweli una wakati wake, na wakati wake si Jumamosi.

Wakatoka nje wakanong'onezana karibu na tangi la maji, na nikasikia Kiptum akicheka mpaka akapaliwa. Nilifurahi. Ndugu wanaopendana!

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike pole pole, nisiruke kitu.

Kigen alifika saa nne na begi lake lenye harufu ile ya mvuke wa Olkaria, kama yai lililosahauliwa. Akaoga. Akachukua stuli, akaiweka kando ya TV, akakaa akitazama watoto. TV alikuwa ameipa bega. Nilipoona vile amekaa, magoti pamoja, mikono katikati kama mtu anayengoja kuitwa jina, roho yangu ilitaka kutoka jikoni ikimbie Njoro.

Nambari moja. Akatokea mtu wa sura ya chuma, wanamwita Mvaa Chuma, hakuna anayeujua uso wake. Nikasema moyoni hii ndiyo siri! Nikakohoa. Watoto wakashtuka vizuri sana. Kigen akasema huyo anaingia tu, bado hajafanya kitu. Ikaja barua. Barua lazima iwe na siri! Nikakohoa. Cheptanui akaanguka kutoka kwenye kochi. Barua ilikuwa ya kuitisha ngano. Nikakohoa kwa mbuzi, nikakohoa kwa mtu aliyefungua dirisha. Kigen akainuka, akanichemshia maji na ndimu, akaniuliza kama kifua changu kimepata baridi. Alipopiga chafya mwenyewe, Kiptum akashtuka na hiyo pia.

Wakati wa chai Kigen aliweka kikombe chini. Alimuuliza Kiptum kama hii muvi ameiona mahali. Kiptum akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Kiptum akasema, "Hii? Hii sijaiona, baba." Alilelewa vizuri. Lakini Kigen aliitikia tu kwa kichwa, na kile kitu alichokuja nacho usoni kilikuwa kimeanza kuzimika. Nilikiona kikizimika. Nikaamua kukohoa sikohoi tena, wacha liwe litakalokuwa.

Nambari mbili. Nikasahau mambo yangu, nikaanza kuiangalia tu. Nilikuwa namtafuta yule nyanya wangu wa mtama. Walisema alikufa kwenye mafuriko. Nikasikitika. Mwisho, Ilisa yuko juu ya daraja na Mvaa Chuma, mvua inanyesha, Ilisa anampiga kwa komeo la mlango, ile sura ya chuma inatoka. Inaanguka mtoni. Nywele nyeupe. Na anaanza kuimba. Ule wimbo wa mtama!

Kigen anasema nilipanda juu ya kochi. Mimi nasema nilisimama tu. Trei ya chai ilikuwa mkononi mwangu, sasa iko kwenye zulia. Nilipiga kelele nikimwita nyanya kwa lugha yetu, "Gogo! Gogo, hata wewe!" mpaka Kuluthum akaja mbio na futi yake shingoni na makasi mkononi, akidhani ni mwizi.

Nilipopata pumzi nikaona watoto hawaangalii TV. Walikuwa wamenigeukia mimi, wote wawili, mikono mdomoni, macho yanang'aa. Walijua tangu Jumatano sikuona mwisho. Siku tatu nzima walikuwa wakiningoja mimi!

Kigen akawaangalia wao, akaniangalia mimi juu ya kochi, akacheka mpaka stuli ikamwacha. Akafuta macho. Akafuta tena, zaidi ya kicheko kinavyohitaji. Akasema kaka yake alisimama hivyo hivyo, mkono mmoja juu.

Kisha Cheptanui akasema yote. Nne, tano, koito, kikohozi. Nikajifanya natafuta kitambaa. Kigen alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba nyuso zile mbili alizongoja amezikosa, na hazirudi. Nikaanza kuokota vipande vya vikombe, kimoja kimoja.

Akamvuta Kiptum magotini. Akasema, "Lakini nimewaona wakimngojea mama yao. Hiyo sikuwa najua ipo."

Chai nilipika nyingine. Nilimpa kikombe kikubwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nimewaeleza akina mama wa kikundi jinsi nilivyopanga mambo: kujifichia siri mimi mwenyewe, makusudi, ili baba wa watoto asikose mtu wa kushtuka. Walishangaa. Mmoja aliuliza kama ni kweli nilivunja vikombe vinne. Kuluthum haendi hata kanisa letu, sijui habari imefikaje.

Jumanne, 12 Agosti

Kigen amerudi kazini alfajiri. Jana tulimwonyesha ya nne na ya tano, sasa amebakisha muvi mbili, ya tatu na ya sita. Anasema amesikia huko kuna siri nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, na hii hata yeye haijui, maana hajawahi kuziona. Zote tutaziona pamoja akija ofu, familia nzima, nyuso nne mpya. Akawaapisha watoto. Mimi akaniapisha mara mbili, Kuluthum akiwa shahidi. Kwaheri yake ilikuwa nzuri. Alinishika mkono muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Sasa ni saa nne asubuhi. Watoto wako kwa Najwa. Nimefagia, nimeosha, nimekaa.

Nimekuwa nikifikiria. Mzazi anayejali hawezi kuwawekea watoto kitu mezani bila kuonja kama kina chumvi. Je, kama ya sita ina mambo mabaya? Je, kama ina damu, na Kiptum alale na taa inawaka wiki nzima? Kigen mwenyewe hajaiona, angejuaje? Kukagua si kuangalia. Mkaguzi wa nyama hajasema amekula ng'ombe. Ni dakika kumi za mwisho tu, nijue, halafu nirudishe flashi mahali pake, na siku ya siku nitashtuka kama kawaida. Nimeshaonyesha naweza.

Cheptanui amerudi kuchukua sweta, Kiptum nyuma yake. Wamesimama mlangoni wakiniangalia nikiwa na rimoti mkononi. Nimewaambia wafunge pazia, wasogee huku, na yule mdogo asikae mbele ya mama.