Tangi Lililojua Majibu Matatu

Jumatatu, 3 Machi

Somo la kuandika programu. Sisi wa uhandisi lazima tufaulu somo hili, la sivyo tunarudia mwaka wa kwanza huku wenzetu wakisonga mbele. Na mama ameshaanza kuniita Injinia mbele za watu! Hata mbele ya fundi cherehani, ambaye hakuuliza.

Zoezi: mtu aandike kimo cha maji, programu iseme tangi lina lita ngapi. Yangu inatoa makosa tu, mekundu, kwa Kiingereza. Nimesomeshwa kwa lugha mbili tangu chekechea. Nagombezeka vizuri kwa zote mbili. Kuuliza swali sithubutu. Nikinyoosha mkono tu, naushusha nikijifanya najikuna kichwa.

Jirani yangu maabarani ni Kidole, anayechapa kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa mtama. Yake ilifanya kazi mara ya kwanza. Akaniuliza, dada, mbona unaikodolea macho hivyo, unangoja ikuchumbie? Nilipata jibu kali sana. Nikiwa nimeshafika bwenini.

Jumanne, 4 Machi

Uvumbuzi! Kazi zetu zinasahihishwa na kompyuta, nayo inapima kwa mifano mitatu tu, ileile ya kwenye karatasi ya zoezi: mita moja, mbili, tatu. Majibu yamechapwa papo hapo! Sasa hesabu ya nini? Nimeandika: kama ni mita moja, sema lita 785. Mbili, sema 1,571. Tatu, 2,356. Basi.

Mia kwa mia! Kidole tisini, alisahau kuandika neno lita. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mama kumwambia. Vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa na wasiwasi, siku hizi nimekuwa kimya mno. Nikasema niko sawa. Nikaenda kula peke yangu, nikitazama ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mhadhiri kataka aliyepata mia aje mbele aoneshe kazi. Aliyepata mia ni mimi peke yangu.

Mhadhiri akachapa mita moja na nusu. Hakuna kitu. Programu ikakaa kimya mbele za watu. Kweli nimeizaa mwenyewe. Mhadhiri akaifungua, akasoma mistari yangu, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema hii si programu, ni kasuku. Darasa zima likaangua kicheko. Mia yangu imekuwa sifuri. Nafasi ya mwisho ya kulifaulu somo ni Jumatatu.

Kidole akanifuata koridoni. Akasema, bila utani, kwamba ni mstari mmoja tu: unazidisha eneo la kitako cha tangi kwa kimo cha maji, akanionesha hata kwa viganja. Tukikaa kidogo nitaelewa. Nikamshukuru, nikamwambia nina njia yangu. Huruma yake akawape wagonjwa!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeligundua kosa langu. Majibu yalikuwa machache! Sasa naandika kila sentimita ya tangi, kuanzia chini mpaka juu, jibu moja moja kwa kikokotoo. Wenzangu wa bwenini wameenda kutembea. Hawakunialika, au walinialika nikashindwa kujibu. Mama amepiga. Sikupokea. Nilikuwa katikati ya tangi.

Jumatatu, 10 Machi

Mhadhiri akachapa mita moja na nusu. Ikajibu! Mbili na robo. Ikajibu! Nusura nitabasamu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, na tangi likiwa pana zaidi je?

Programu yangu haina hata mahali pa kuandika upana.

Narudia mwaka. Kidole alinitazama kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Nikampigia mama, nikamwambia mhadhiri ameomba nibaki naye mwaka mmoja zaidi. Hakunigombeza. Akauliza tu kama nakula. Nikasema nakula. Akasema haya mwanangu, na simu ikakatika, au aliikata.

Nimelia kidogo, halafu nikakaa nikatafakari kwa utulivu. Njia yangu haina kasoro. Kilichoniangusha ni muda. Mwakani nitaanza mapema, siku ya kwanza kabisa, na nitaandika matangi yote.